Ngozi ya Papa Yenye Tundu

Jina langu lifichwe, maana huku Walikale tunajuana hadi kikohozi. Nina miaka themanini na kidogo, mjane, macho yamechoka. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia. Kinachonitesa kilianza wakati wa Wabelgiji, nikiwa msichana mdogo wa kuteka maji.

Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa nyumbani kwetu, karibu na Kashebere. Mtoto alikaa vibaya tumboni. Wakunga wakasema apelekwe hospitali ya Masisi. Kwa bahati ikapita Jeep ya shamba la mzungu, dereva akiwa peke yake, akakubali kumbeba. Kabla hatujampakia tukaona mafuta yakichuruzika katikati ya magurudumu ya nyuma. Dereva akaingia chini ya gari, akatoka uso umembadilika, akamwambia baba yangu:

"Papa, joint ya diferensiali, ile pete ya kuzuia mafuta, imepasuka. Mafuta ikiisha, gia itakamatana mu milima, Mama atabakia mu barabara. Munipatie ngozi laini nikate ingine."

Alijaribu mkanda wake, ukakatika kama muhogo mkavu. Ngozi laini ilikuwa moja tu: ile Papa aliyokalia kwenye baraza la wazee, aliyopewa siku walipomwingiza katika mila. Haikatwi. Hata sisi watoto hatukuthubutu kuiruka. Papa akaileta mwenyewe.

"Papa, wazee watakufukuza," dereva alimwambia.

"Kata. Kiti iko kiti. Muke yangu iko muntu."

Dereva akafungua shafti, akang'oa pete iliyopasuka, akakata mpya kwenye ngozi ile, akailoweka mafuta, akaipachika. Akajaza mafuta aliyokuwa nayo kwenye bidoni, dumu lake dogo, wakaondoka. Mama alirudi mzima, na mtoto wa kiume mgongoni.

Papa walimtoa barazani. Mpaka anakufa, kwenye mikutano alikaa chini kwenye udongo, pembeni, kama mgeni. Hakulalamika, lakini nilikuwa namwona akirudi anapangusa vumbi kwenye suruali, na moyo uliniuma sana. Mimi na Mama alituapisha: mtoto asijue kamwe kwamba ngozi ilikatwa kwa ajili yake, asije akabeba mzigo ambao hakuuomba.

Mtoto huyo leo ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Anachojua ni kwamba Papa "aliharibu ngozi". Majina ya wazee waliokufa yakitajwa, la Papa linarukwa. Sasa mdogo wangu huyo, kwa nia njema kabisa, anataka kulirudisha. Alikuja akaniambia: "Dada, weye peke yako njo umebakia mu bale ba zamani. Simama mbele ya bantu, useme Papa alikosa, tuzike ile ngozi, iishe."

Ngozi ninayo, chini ya godoro. Tundu lake linaingia ngumi ya mtoto mchanga.

Nikinyamaza, Papa ataendelea kurukwa. Nikisema kweli, nitavunja kiapo, na mdogo wangu atazeeka na mzigo ule ule Papa aliomkingia. Nikisema Papa alikosa, nitakuwa nimesema mdogo wangu hakustahili kuzaliwa, naye atakuwa amesimama pale ananishukuru. Watu wataitwa Jumapili baada ya misa. Wanangu, nishaurini, nifungue mdomo niseme nini?