Kompyuta Iliyotoka Lindi Mgongoni

Vijana, kabla hamjanicheka: mimi niliishia darasa la tatu, na ile Januari kura zilipotuletea moto, ni mimi niliyeifanya kompyuta nzee ifunguke haraka kuliko zile za cyber za kulipia intaneti. Binti yangu yupo, mjukuu wangu yupo. Waulizeni.

Tulitoka Lindi, mtaa wetu wa mabati hapa jijini, asubuhi, nyuma yetu nyumba zinawaka. Mjukuu wangu, wa miaka kumi na sita, nilimwambia abebe unga. Tulipofika mtaa wa Gatina kwa binti yangu, chumba kimoja ghorofa ya tatu, akafungua blanketi alilobeba mgongoni, na ndani hakukuwa na unga. Ilikuwa ile kompyuta ambayo binti yangu alipewa pale cyber alipokuwa akifanya kazi, walipotoa mashine za zamani, naye akampa huyu mtoto wa dada yake ninayemlea.

"Leo utakula hiyo," nikamwambia.

"Susu, bila hii tutakaa hapa tukifanya nini?" akauliza. Kwetu nyanya ni susu.

Shule zilikuwa zimefungwa. Biashara yangu ya mitumba ilikuwa majivu. Na chini kwenye ngazi walikaa vijana wa ploti, lile jengo letu, na marungu, kila siku wakihesabu nani yuko upande wao. Mjukuu wangu walimwita kwa mluzi. Njaa sikuiogopa vile niliogopa huo mluzi, maana kijana akishashika jiwe mbele ya wenzake, ni vigumu sana aliweke chini.

Kompyuta ilikuwa na michezo ya zile mashine kubwa za kusimama, za kutumbukiza sarafu. Kulikuwa na programu ya kuziiga hizo mashine, na mbele yake nyingine iliyokuwa kama duka: inakuonyesha majina na picha, unachagua, unacheza. Mchezo wenyewe ulikimbia vizuri. Hilo duka ndilo lilikuwa shida. Ukiwasha, linazunguka mpaka ugali unaiva, tunakula, tunaosha sufuria, na bado linazunguka. Stima nayo siku hizo ilipotea mara nne, mara tano kwa siku, na ikipotea unaanza upya. Ni katika kungoja huko mluzi ulikuwa unamfikia.

Siku moja alisimama katikati ya kungoja, akatoka. Alirudi jioni ananuka moshi wa tairi. Nilimwekea chakula, nikaangalia vile mikono yake ilikuwa myeusi.

Kesho yake nikamwambia binti yangu, "Hiki kitu kitaharakishwa leo."

"Mum, hii inataka memori. Imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka. Maduka yamefungwa, hiyo memori utaitoa wapi? Niambie inafanya nini hapo inapozunguka."

"Susu anataka kuifanyia interview," mjukuu akasema.

Binti yangu akaniambia. Duka lilikuwa na orodha ya michezo elfu tatu, na kila likifunguka linauliza mmoja mmoja kama upo. Likimaliza, linatafuta picha na kavideo ka kila mmoja.

"Na iliyopo ni mingapi?"

"Kama sitini."

"Na mnayocheza?"

Wakaangaliana. "Kumi na miwili," mjukuu akasema.

Nilikasirika. Miaka ishirini nimeuza mitumba. Ukifungua robota unachagua nguo safi kabisa, tunaziita kamera, unazitundika mbele. Zingine zinakaa kwa gunia. Mteja akiuliza shati, humwagi robota lote chini umtafutie. Ukimwaga, atanunua kwa jirani.

"Toeni kamera," nikawaambia. "Zingine ziingie gunia."

Binti yangu akaandika orodha ya ile kumi na miwili tu, akaliagiza duka lisitafute tena, lisome hiyo. Muda ukapungua nusu. Mjukuu akaanza kulialia kwamba picha ziachwe, bila picha itakaa kama rejista ya shule.

"Unacheza picha ama unacheza mchezo?"

Tukapatana: video zote nje, picha moja ndogo kwa kila mchezo. Halafu nikaona vitu vidogo vinajipanga kwa kona ya kioo kabla duka halijafunguka.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya printa."

"Printa iko wapi?"

Programu hiyo ikatoka, na nyingine tano zikaifuata. Mwisho binti yangu akaiamuru kompyuta ikiamka iende moja kwa moja dukani, isipitie kwingine. Mara ya kwanza ikabaki nyeusi tupu, mjukuu akashika kichwa. Mara ya pili ikakubali.

Saa nane stima ikapotea. Nikabandika maji ya chai kwa stovu. Mluzi ukaja, kisha kijana mmoja akapanda mpaka mlangoni na rungu lake.

"Niaje, msee. Twende. Ama umefungiwa na shosho?" akasema, akimaanisha mimi nyanya.

Mjukuu wangu akasimama, akashika komeo. Sikumshika. Amenizidi nguvu. Nilisimama tu hapo.

Stima ikarudi. Binti yangu akabonyeza. Maji yangu hayajaanza hata kuimba, duka likafunguka, michezo kumi na miwili imejipanga, muziki unalia.

"Ishafunguka?" mjukuu akauliza, akageuka.

Yule wa rungu akachungulia. "Hiyo si ni ile ya ndege? Mimi niliimaliza nikiwa mdogo."

"Wewe? Ulimaliza sarafu za mamako." Mjukuu wangu akaachilia komeo, akaketi. "Kuja nikuonyeshe vile inamalizwa."

Akaingia. Wenzake wawili wakapanda kumtafuta, nao wakaingia. Sikuwauliza makwao ni wapi. Kuna watu waliopita hapo chini na vipaza sauti wakihubiri amani, ngazi haikuwasikia. Mimi niliondoa video na michezo ya ziada tu, na ngazi ikabaki bila watu. Sioni haya kujisifu.

Nikazima stovu, nikawageukia wote chumbani. "Marungu yote chini ya kitanda hiki, na nitakikalia mpaka jioni. Anayeshindwa ampishe mwenzake, awe mgeni awe wetu. Na mtu wa hapa asiniletee mchezo wa kumi na tatu."