Kiti cha Kushoto

Kazini walimwita Mrithi, na mwanzoni jina lile lilimchekesha hata yeye mwenyewe. Alikuwa rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya ndege, mtu wa makamo ambaye mvi zilishaanza kumtembelea kando ya masikio, akingoja bosi wake astaafu ili ahamie kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Kapteni alikuwa amebakiza miezi michache afike sitini na mitano, umri ambao sheria ilimtaka ashuke. Mke wa Mrithi alikwishampelekea fundi shati jipya litiwe mistari ya cheo mabegani.

Asubuhi moja, chai ikiwa bado mezani, redio ikatangaza kwamba bunge limeongeza umri wa marubani kustaafu hadi sitini na saba.

"Wamekusogezea kiti mbali," mkewe akasema huku akikusanya vikombe.

"Hawakunifikiria mimi, mama watoto. Marubani hawatoshi."

"Na shati?"

"Liache kabatini. Haliozi."

Hakumwekea mzee kinyongo. Kapteni hakuwa mtu baki. Ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyekuwa mshenga wake alipoposa.

Lakini mvua zilipoanza, Mrithi akaanza kuona mambo. Mnara wa kuongozea ndege ukitaja kimo, Kapteni anarudia kimo kingine. Siku moja walikuwa wanashuka, uwanja uko mbele yao, na magurudumu bado yamo tumboni mwa ndege.

"Magurudumu, Kapteni."

"Nilikuwa nakupima, mwanangu," Kapteni akacheka.

Mrithi naye akacheka. Kisha, safari nyingine, mawingu yakiwa mazito, Kapteni akamgeukia akauliza, "Hivi leo tunakwenda wapi?" Mrithi akasubiri kicheko. Hakikuja. Mzee alikuwa anangoja kujibiwa.

Siku hiyo aliporudi nyumbani, alimsimulia mkewe yote.

"Nikisema, watasema nimekitolea macho kiti," alimwambia mkewe.

"Kwani hukitaki?"

"Nakitaka. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi ngoja aone mwingine."

"Mwingine nani? Mle ndani tuko wawili tu."

Akaenda kusema. Meneja alimsikiliza huku akichezea kalamu, kisha akatikisa kichwa. "Mrithi, hata miaka miwili tu imekushinda kuvumilia?" Hata hivyo Kapteni alipelekwa kwa daktari. Moyo mzima, shinikizo la damu zuri, macho makali kama ya kijana. Kichwani hakuna aliyemchungulia. Akarudi kazini na cheti chake.

Walikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kapteni alikuwa akifunga tai taratibu, bila kumtazama.

"Ungeniomba tu, mwanangu. Ningekuachia."

Tangu hapo wahudumu wa ndege walikatiza mazungumzo kila alipoingia, na jina la Mrithi likawa tusi.

Meneja akawatenganisha. Kapteni akapangiwa binti aliyetoka chuoni majuzi, mpole, kila neno "ndiyo Kapteni". Haukupita muda. Mchana mmoja wa mvua kubwa, Kapteni alitua kwa kuingilia upande usio sahihi wa njia ya ndege, upepo ukimsukuma kutoka nyuma. Njia ikaisha ndege ingali na kasi, ikatumbukia korongoni. Abiria walitolewa na majeraha. Wale wawili wa mbele hawakutoka.

Wachunguzi walimwita Mrithi awatambulie sauti zilizorekodiwa ndani ya ndege. Chumba kilikuwa na meza, spika na jagi la maji. Akamsikia Kapteni akipiga mluzi. Kisha binti: "Kapteni, nadhani upande huu siyo." Mluzi ukaendelea. "Kapteni, samahani, nadhani..." Na Kapteni, kwa upole uleule: "Nakupima tu, mwanangu."

"Unazitambua?"

"Ndiyo." Akaomba kutoka.

Waliokuwa wakimsengenya wakaanza kumpisha mlangoni. Kamati ya bunge nayo ikamwita aeleze kama umri ushushwe.

"Sijui," akajibu. "Nimeruka na wazee ambao ningewakabidhi wanangu. Kuhusu huyu mmoja nilisema, nikaulizwa nataka nini. Sikuulizwa nimeona nini."

Kamati ikamshukuru, na umri ukarudishwa kwenye sitini na mitano.

Kiti akapewa. Kabla ya safari yake ya kwanza kama kapteni, alikwenda kumpa pole mama wa yule binti. Sebule ilikuwa ndogo, viti vya wafiwa bado vimepangwa ukutani. Mama akamkaribisha, akamwonyesha pa kukaa.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa pale kabla yake?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua kwamba yule mzee hayuko sawa?"

"Nilijua. Nilimweleza meneja."

"Sawa. Na mwanangu, ulimwambia?"

Mrithi akainamisha kichwa. Hakumwambia. Siku binti alipopangiwa ndege ile walikutana kwenye korido, uso wake umejaa furaha. Alimpa mkono, akampongeza, akapita zake, akihofia kuambiwa tena kwamba ana wivu.

"Sikumwambia, mama."

Mama hakupandisha sauti. Alinyanyuka akaingia jikoni, maji yakasikika yakimwagika kwenye sufuria, kisha yakanyamaza. Hakurudi sebuleni. Mrithi alikaa hadi alipoelewa kwamba harudi, akasimama, akajifungulia mlango mwenyewe.