Mlango Uliorudi Pwani

Mtu akikuambia kwamba Saidi Ngollo alibomoa tembe la babu yake kwa tamaa, mkatalie. Alilibomoa kwa adabu, na hilo ndilo linaloniuma kila nikimkumbuka.

Saidi alikuwa mwashi hodari, mzaliwa wa Tabora, na tembe lenyewe lilikuwa nje kidogo ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara. Lilijengwa na babu yake aliyekuwa kiongozi wa wapagazi: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, na mbele mlango wa nakshi ulioletwa kutoka pwani mabegani mwa watu. Mama yake Saidi, Bi Kuluthumu, macho yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo akitoka kwa jirani au msibani, akishafika uani hakutaka tena kushikwa mkono. Alipapasa maua ya mlango ule, akajua yuko kwake.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha alifika bwana mmoja wa utalii kutoka Dar es Salaam. Nchi inahitaji fedha za kigeni, alisema, lakini watalii wote wanakimbilia mbuga za kaskazini kutazama simba, na Tabora na historia yake yote imekaa tu. Angeleta wageni wachache wa majaribio waione njia ya misafara, kisha wanywe chai kwa Saidi. Wakipapenda, wengine wangefuata, na vijana wangepata kazi.

Tangu siku hiyo Saidi hakushikika.

"Maua," alimwambia mkewe, "watu watoke Ulaya, halafu tuwakaribishe kwenye nyumba inayomwaga vumbi vikombeni?"

"Aibu hiyo mimi siiwezi," Maua akajibu.

Nani angewalaumu? Kwao mgeni hulazwa kitanda kizuri, mwenyeji akajilalia chini. Basi Bi Kuluthumu alipokwenda Goweko kukaa na binti yake aliyejifungua, Saidi akashika sururu. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale aliutaka ule mlango, akatoa mabati na saruji ya kutosha nyumba nzima. Siku ya kuupakia kwenye treni, jirani yao Mzee Mabruki alimtania Saidi.

"Babu yako aliusindikiza kutoka pwani, nawe unausindikiza kurudi?"

Saidi akacheka. Natamani asingecheka.

Wageni walikuja kwa Landrova, kamera vifuani, wakaipita nyumba. Ilibidi Saidi atoke mbio kumpungia dereva. Wakakaa chini ya mabati mapya yaliyokuwa yakichoma, wakala kalimati za Maua kwa ustaarabu mkubwa, mpaka mama mmoja wa Kizungu akauliza: nyumba ya yule kiongozi wa msafara iko wapi?

"Ilikuwa hapa hapa," Saidi alijibu, kifua mbele. "Nimeibomoa nikajenga hii, kwa heshima yenu."

Bwana wa utalii alikitazama kikombe chake kwanza, ndipo akatafsiri. Yule mama akashukuru kwa chai. Hakuna aliyepiga picha.

Hawakurudi, wala hawakuleta wenzao. Watalii wakaendelea kushuka kaskazini na pwani, na njia ya misafara ikabaki na mbuzi wake. Baadaye mfanyakazi mmoja wa reli alileta habari kwamba mlango ule umesimamishwa kwenye ukumbi wa hoteli Dar es Salaam, na Wazungu wanasubiriana zamu kupigwa picha mbele yake. Saidi aliuliza jambo moja tu.

"Wanaupangusa vumbi?"

Kumwambia mama yake alikuwa akiahirisha kila siku. Hatimaye Bi Kuluthumu akarudi kwa treni. Mzee Mabruki alimpokea stesheni, naye njia nzima akamsimulia habari za mvua, ya nyumba asiyaguse. Walipofika uani mama akamwachia mkono, kama kawaida yake, akaenda peke yake hadi mlangoni. Vidole vyake vikagusa ubao mtupu. Akapapasa juu, akapapasa chini, akaurudisha mkono taratibu na kujitengeneza kanga.

"Hodi wenyewe," alisema kwa sauti ya mtu aliye ugenini. "Samahanini, nimepotea. Naulizia kwa Saidi Ngollo."

Saidi alikuwa nyuma ya ubao ule, mkono kwenye komeo.