Mzigo Nilioupokea Njia ya Mwazye

Ukitaka kucheka, cheka. Hata dada yangu alicheka, mpaka alipolinyanyua lile begi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa na akili zangu na chai tumboni.

Nilikuwa natafuta kazi ya kuongoza wageni wanaokwenda kwa miguu kwenye maporomoko ya Kalambo. Kiongozi wa msafara alinipa sharti moja: nifike Mwazye saa nne asubuhi, na begi la mgongoni lisizidi kilo nane na vilivyomo. "Mwongozaji anayehema hanifai," alisema.

Basi nikazunguka mitumbani Sumbawanga siku mbili. Nikalipenda begi moja kubwa la kijani, lina vyuma mgongoni na mifuko kila upande. Muuzaji akaninyang'anya. "Mdogo wangu, hilo utalijaza hata usivyovihitaji. Chukua hili jepesi, lina mkanda wa kiunoni." Nikachukua jepesi. Nyumbani Kasense mama akapakia unga wa ulezi, nikautoa. Akapakia blanketi, nikalitoa. "Utakufa na baridi kwa ajili ya mizani!" Tukalipima kwa jirani anayenunua mahindi: kilo sita. Usiku ule niliota niko Kalambo, wageni wananifuata nyuma.

Kesho yake nilishuka kwenye gari kabla ya Mwazye, nikaanza kutembea. Ukungu ulikuwa mzito. Mbele yangu nikamwona bibi mmoja amepinda mgongo, mikono ameifumbata kifuani kama aliyebeba kitu kizito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, hunipokei mzigo?"

Ningefanyaje? Kwetu mzee mwenye mzigo humpiti hivi hivi, unampokea. Mzigo sikuuona, niamini, ila sikutaka kumwaibisha. Nikavua begi, nikalifungua. "Weka humu bibi, nafasi ipo."

Akainama, akafumbua mikono ndani. Nikafunga zipu. Nilipoinua kichwa, hayupo! Niliita, nikakimbia mbele, nikarudi nyuma. Kwenye umande zilikuwepo nyayo zangu tu. Na begi, nilipolivaa, likanivuta chini.

Nilipofika Mwazye, kiongozi akalitundika kwenye mizani: kilo kumi na moja. Nikatoa kila kitu, mpaka soksi. Begi tupu likasoma karibu kilo sita.

"Mshikaji, umeshonea mawe kwenye bitana?" kijana mmoja akanitania. Wakaipasua bitana. Hamna kitu. Hapo kicheko kikakatika. Kiongozi akanirudishia begi bila kunitazama, kazi akampa mwingine.

Nilipomsimulia mama, alishika kichwa. "Umepokea mzigo bila kuuliza unaishia wapi?" Kweli, sikuuliza. Na ukishapokea mzigo wa mtu, sharti uufikishe mlangoni kwake.

Mpaka leo situlii. Nimepiga hodi nyumba nyingi Mwazye nikiwa na begi mgongoni. Wengine wananifungia mlango. Kulitupa siwezi. Je, kama kuna mtu anausubiri?

Nawe unayetembea, wapokee wazee, usiache. Ila uliza kwanza, "Bibi, tunaufikisha kwa nani?" Asipojibu, usifungue begi. Na ukikutana na bibi anayetembea wima, mwepesi kama msichana, mikono inaning'inia, tafadhali mwambie niko Kasense, na mzigo wake ninao.