Mpira wa Kauko na Shehena ya Nyasi

Aune Latvala alioka mikate ya shayiri nyeusi maisha yake yote ya kazi, akastaafu na mikono yenye nguvu kuliko ya wanaume wengi wa mji wetu, na ulimi wenye nguvu kuliko mikono. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nasema haya kwa mapenzi. Mwambie Aune kwamba jana kulinyesha, naye atakuhadithia mvua aliyoiona yeye, mpaka yako ionekane umande.

Kila Alhamisi tunakutana kwenye sauna ya mtaa, nyumba yetu ya kuogea mvuke, wanawake upande wetu na wanaume upande wao, na ua wa kupunga upepo ni wa wote. Humo ndani kila mtu ana mchezo wake. Raili, mjane wa fundi samani, ni wa hoki ya barafu. Mimi ni wa kuruka na skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Aune ni wa pesäpallo, mpira wetu wa gongo, ambao mrushaji husimama ubavuni mwa mpigaji na kuutupa mpira juu wima, mpigaji akaungoja ushuke. Tunakaa kwenye mabenchi yaliyopanda kama ngazi, mawe yanatoa mvuke, na tunatupiana vioja vya michezo.

Sheria yetu ni nyepesi. Mwenye kioja kikali kuliko vyote hushika kata ya maji na kukaa benchi la juu, kwenye joto la kweli. Anayekamatwa na uongo hushuka benchi la chini, kunakopita baridi ya mlango, akae huko mpaka sikukuu ya katikati ya kiangazi. Simu hazimo, maana mtu aliye uchi ataiweka wapi? Neno lako ndilo ushahidi wako.

Alhamisi moja ya Machi Raili alianza na kile kisahani cha mpira cha hoki, kwamba hugandishwa kwenye friji kabla ya mechi kisije kikadundadunda. Nikajibu kwamba katika mchezo wangu aliyeruka mbali kuliko wote anaweza kushindwa, kwa sababu waamuzi hawakupenda alivyotua. Aune akasema katika pesäpallo mpira wako ukidakwa hewani huhesabiwi umetolewa. Unahesabiwa majeruhi, na majeruhi huyo anaondoka kwa miguu yake akitafuna soseji. Tukacheka, lakini Raili akasema hicho tumekisikia tangu tukiwa na meno ya utotoni. Aune akabanwa. Nilimwona akimwagia mawe maji mengi kuliko kawaida, na hapo nikajua kamba ya uongo inakuja.

Akasema kaka yake Kauko, enzi za ujana, aliupiga mpira ukavuka uzio ukaangukia mkokoteni wa nyasi kavu uliokuwa ukipita barabarani. Mwenye mkokoteni hakuona kitu, akaenda zake. Mpira ulipopatikana kijiji cha pili, Kauko alikuwa amevikimbia vituo vyote vya uwanjani, amekwenda nyumbani kunywa kahawa, na amerudi.

"Kauko yupi?" Raili akauliza. "Yule wa lori la maziwa?"

"Huyo huyo."

"Shoga, Kauko ninavyomkumbuka mimi hata gongo hakupewa ashike."

Kauko alikuwa amefariki msimu wa majani kupukutika. Ninyi hamkumjua, kwa hiyo niseme tu ukweli: alikuwa mtu mwema, na kwenye timu alikuwa wa akiba miaka yote aliyovaa jezi. Raili hakujali. Tulipotoka kwenda uani tumejifunga mataulo, alitangaza mbele ya wanaume na soseji zao kwamba Alhamisi ijayo atamuuliza mzee Vilho, aliyekuwa timu moja na marehemu.

Hapo nikaona Aune anabadilika rangi. Vilho hasemi uongo. Alipokuwa mwamuzi alimnyima mwanawe wa kumzaa pointi ya ushindi, na mtoto akala chakula cha jioni kwa jirani. Tukirudi nyumbani nilimwambia Aune akiri tu, benchi la chini halimuui mtu.

"Benchi nitashuka," akasema. "Lakini watamcheka Kauko. Hawana kingine cha kumkumbukia. Nimekwenda kumfanya marehemu wangu kichekesho, mpumbavu mimi."

Ilikuwa kweli, nami nilikuwa na hasira naye, nikaingia kwangu nikafunga mlango. Wiki nzima hakugonga ukutani kuniita kahawa.

Alhamisi ikafika. Vilho alikuwa amekaa uani, taulo kiunoni, mvuke unamtoka mabegani, haradali kwenye kidevu. Raili alimweleza kisa chote, taratibu, pasipo kupunguza kitu, kisha akauliza kama kuna ukweli. Watu wote wakaacha kutafuna. Vilho peke yake aliendelea kutafuna, na akitafuna Vilho unaweza kwenda kununua maziwa ukarudi. Aune alikuwa akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Si kweli," Vilho akasema mwishoni.

Raili akavuta pumzi ya ushindi.

"Haukuwa mkokoteni. Lilikuwa trekta. Aune alikuwa mdogo, amesahau. Na ile kahawa Kauko hakuimaliza, aliogopa kuchelewa."

Akafuta haradali, akarudi kwenye soseji yake. Mzee aliyemnyima mwanawe pointi amesema trekta, basi ni trekta. Tuliporudi ndani Raili alikwenda mwenyewe kukaa benchi la chini, kana kwamba aliyekamatwa ni yeye. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Aune ndiye hakuweza kutulia. Aliniburuta naye, nywele mbichi kwenye baridi ile, mpaka kwenye banda la baiskeli, ambako Vilho alikuwa akijifunga skafu.

"Mzee Vilho," akamwambia, "wewe unajua hakukuwa na trekta."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Vilho alifunga skafu, akaifungua, akaifunga upya.

"Mimi na Kauko tulikaa kwenye benchi la akiba pamoja, yeye kushoto mimi kulia, kila kiangazi. Kocha hakutuita hata siku moja. Tulikuwa tunaambiana pale tungeupiga mpira hadi wapi kama tungeitwa." Akapanda baiskeli, akaweka mguu kwenye pedali. "Kauko sasa ameshapiga. Alhamisi ijayo usimulie nilivyopiga mimi. Na mpira wangu uende mbali kuliko wa kwake, alikuwa akijisifu sana."