Kidole Gumba Kwenye Kitufe

Kiwandani walimwita Winchi. Si kwa ajili ya nguvu, maana alikuwa mwembamba wa kuhesabika mbavu, bali kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mdomo wa tangi la mafuta ya kupikia, kamba mkononi na winchi ya kuivutia kamba hiyo ubavuni, wakati mwenzake yuko ndani anasugua. Mshika kamba haingii. Anapima hewa kwa mashine yenye mpira mrefu unaoteremshwa ndani, anasoma namba, ambayo hewa ikiwa safi hukaribia ishirini na moja, na kila baada ya dakika mbili anabonyeza kitufe cha redio na kumwambia aliye chini: hewa ni kiasi hiki, nipo. Wa chini anajibu: nimesikia. Basi, kazi yote ni hiyo. Ukimtazama kwa mbali utasema huyu dada anakula mshahara wa bure.

Kwenye ukuta wa bwalo la kiwanda palikuwa na picha yake, na chini yake maandishi: Aliokoa maisha ya mwenzake. Ilibandikwa miezi minane nyuma, baada ya Mjomba kuanguka ndani ya tangi namba nne. Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkongwe wa kazi aliyewafundisha wote, jina likamganda. Siku ile hewa ilichafuka ghafla, Mjomba akadondoka, na Winchi akazungusha ile winchi mpaka akamtoa mzee wa watu akiwa hai. Alipoulizwa kwa nini hakumwonya mapema, alijibu maneno mawili tu. Redio ilikwama. Wakaamini, wakampigia makofi, wakampiga na picha. Tangu siku hiyo alikula chakula chake akiwa ameupa ukuta ule mgongo.

Redio haikukwama, na aliyelijua hilo ni yeye peke yake. Mashine ilipoanza kulia kwamba hewa ni mbaya, alibonyeza kitufe aseme "Toka", na neno halikutoka. Ulimi uliganda. Hilo pekee lingevumilika, lakini kidole gumba nacho kiliganda juu ya kitufe, na redio ile njia yake ni moja: ukiibonyeza wewe, mwenzako akiita hasikiki. Kwa hiyo Mjomba alikuwa anaita kule chini na sauti yake haifiki popote. Ilidumu muda gani, Winchi hakujua. Alizinduka kamba ilipomvuta mkono, nayo ilimvuta kwa kuwa mtu alikuwa ameshaanguka.

Sasa Mjomba alikuwa amepona, ukiacha kikohozi na kusahausahau, na Jumatatu alikuwa anarudi kazini, tangi lilelile. Msimamizi alimwuliza anataka ashikiwe kamba na nani.

"Winchi," alisema. "Wengine siwaamini."

Habari hiyo ilimfikia Winchi Jumamosi mchana, wakati wa kufunga kazi. Alitabasamu kama watu walivyotarajia, kisha akaenda chooni akajifungia. Hakuwa anaogopa kuumbuliwa, au tuseme hilo aliliogopa kidogo tu. Alichokiogopa ni mashine kulia tena, ulimi ugande tena, na safari hii mzee asitoke.

Alikuwa anaishi na mdogo wake, fundi simu, mwanamume wa miaka thelathini kasoro ambaye akili yake ilibaki ya kitoto kwenye jambo moja tu, nalo ni gemu. Alipofika nyumbani alimkuta ameshafunga mapazia na kuwasha skrini, chumba giza kama stoo.

"Dada, njoo uniokoe," alisema. "Hii ni ya watu wawili, na rafiki yangu amenikimbia. Mtu mzima na ndevu zake ananiambia hapati usingizi."

Siku nyingine angemcheka na kwenda zake jikoni. Siku hiyo aliona afadhali aogope kitu cha uongo kidogo, apumzike na kile cha kweli. Akavua viatu, akakaa.

Mdogo wake akamweleza. Kuna kituo kikubwa angani, watu wake wametoweka, taa zinawaka na kuzimika zenyewe. Mchezaji mmoja anatembea ndani ya kituo akiwa amebeba mtungi wa hewa unaopungua. Mwingine yuko kwenye chumba cha mitambo, anaiona ramani na namba ya hewa, na anamwongoza mwenzake kwa redio. Na humo ndani kuna kiumbe. Fundi simu alikipa jina la Mpangaji, kwa kuwa kila ukidhani kimehama unakikuta.

"Haoni huyo," alisema. "Anafuata pumzi. Hewa ikishuka mimi nahema, nikihema anakuja. Kwa hiyo wewe unitajie namba mapema, nikimbilie mtungi mwingine. Bonyeza hapa uongee. Ila ukiwa umebonyeza, mimi sisikiki."

Winchi alikipokea kile kidhibiti na vidole vikampoa.

"Nani katengeneza kitu hiki?"

"Watu tu, dada. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Mwanzo alikwenda vizuri. Hewa sabini, kushoto kuna mlango, nyooka, usikanyage hayo mabati. Sauti yake ilikuwa ya kazini, tulivu, na mdogo wake alimsifu. Halafu namba ikashuka chini ya ishirini, ikawa nyekundu, na king'ora kikaanza kulia. Ulikuwa mlio mwembamba wa kukatakata, ndugu kabisa wa ule wa mashine yake. Akabonyeza kitufe. Kwenye skrini, kitu kilikunjuka taratibu kutoka darini kama shuka lililoloa, kikashuka nyuma ya mgongo wa mdogo wake, na yeye alikiona, alikiona vizuri, na mtungi mzima ulikuwa hatua tatu kulia kwake. Hakusema. Skrini ikawa nyeusi.

"Umelala?" mdogo wake akacheka.

Wakarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu alijikaza kisabuni, akawa analirudia neno kichwani hata kabla king'ora hakijalia: kulia, kulia, kulia. Kilipolia, neno lilikuwepo kichwani na mdomo ukalikataa. Fundi simu akavua hedifoni, na sasa hakuwa anacheka.

"Dada, unajua unachokifanya? Unabonyeza kitufe, halafu unahema tu. Nakusikia unavyohema mpaka nakufa."

"Ni gemu tu."

"Najua ni gemu. Nakuuliza wewe."

Winchi akasema kichwa kinamwuma. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, akaviosha vyote mara mbili. Kumbe basi haikuwa bahati mbaya ya siku moja. Ndivyo alivyo. Akiogopa sana, anakuwa ukuta, na watu wanakufa upande wa pili.

Jumapili alasiri Mjomba akabisha hodi. Alikuja na shati lake la pasi na kikohozi chake, kupanga kazi ya kesho, maana ndivyo walivyozoea: aingiaye na ashikaye kamba huongea siku moja kabla. Winchi alikuwa ameshaandaa uongo. Angesema anaumwa, atafutwe mwingine. Alikuwa amefungua kinywa kuusema, mdogo wake akamtangulia kwa mdomo wake usio na breki.

"Mjomba, kuna gemu hapa inafanya kazi kama yenu. Mmoja ndani, mmoja juu na redio."

Mzee alifurahi kupita kiasi. Kumbe kuna watu wanakaa wanacheza kazi yetu, alisema, sisi tukitoka huko tunashukuru, wao wanaingia kwa hiari. Akavalishwa hedifoni, akapewa kidhibiti, akakishika kwa mikono miwili kama usukani. "Wewe juu, mimi chini," alimwambia Winchi. "Kama kawaida." Mteja akamwita fundi simu nje kwa ajili ya simu iliyoingia maji, wakabaki wawili.

Mjomba alicheza kama anavyofanya kazi. Hakukubali kupita mlango wowote bila kuukagua kwanza. Alitaka kujua nani ana funguo, kwa nini taa ya dharura haiwaki, na aliyeacha bomba wazi namna ile amesomea wapi. Aliupinga hata muziki. "Hawa hawajawahi kuingia tangi," alisema. "Giza la kweli halina ngoma. Halina chochote. Unasikia mate yako ukiyameza." Winchi alicheka, kicheko cha kweli, na kwa dakika kadhaa alimpa namba moja baada ya nyingine bila shida.

Kisha king'ora.

Akabonyeza. Alikiona kile kiumbe kikichomoza mwisho wa ujia, akauona na mtungi, akaona kila kitu, na ulimi ukalala mdomoni kama si wake. Akasubiri mzee afanye alivyofanya mdogo wake, akimbie ovyo, afe, wacheke, yaishe.

Mjomba hakukimbia. Alisimama. Aliondoa vidole kwenye vitufe, akafumba macho, akaibana hedifoni kwenye sikio kwa kiganja. Alikuwa anasikiliza. Kiumbe kilimfikia, skrini ikawa nyeusi, yeye bado anasikiliza.

"Hii naijua," akasema polepole. "Hii pumzi naijua."

Winchi alikiachia kidhibiti kikaanguka mapajani.

"Nilidhani niliota," mzee aliendelea, bado amefumba macho. "Kule chini, kabla sijaanguka, nilisikia mtu anahema sikioni kwangu. Karibu kabisa. Nilimwambia daktari. Akasema mtu akikosa hewa anasikia vitu, hayo yalikuwa mapafu yangu mwenyewe." Akafumbua macho, akamtazama. "Yalikuwa mapafu yangu, sivyo?"

Alikuwa anamwomba. Hilo ndilo lililomtisha Winchi kuliko vyote. Mzee alikuwa amemwachia mlango wazi. Ilitosha kuitikia kwa kichwa, na kesho angeshuka kwa moyo mweupe kwenye tangi namba nne, kamba yake ikiwa mikononi mwa mtu ambaye hawezi kusema neno "toka". Ulimi ulikuwa umeganda vilevile, na hapakuwa na king'ora chochote, palikuwa na mzee tu kwenye kochi anamsubiri.

"Redio haikukwama," alisema. Sauti ilitoka imekwaruza, akadhani si yake. "Nilibonyeza nikashindwa kusema. Na sikuachia kitufe. Ni mimi."

Mjomba alivua hedifoni, akaiweka mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Niliita," alisema.

"Sikusikia. Nilikuwa nimebonyeza."

"Niliita sana."

Winchi hakuthubutu kumtazama. Mzee alikohoa, akainuka, akajinyoosha shati. Mlangoni akageuka.

"Kesho asubuhi utamwambia msimamizi wewe mwenyewe. Ukimaliza utavaa mkanda. Utaingia wewe, kamba nashika mimi."

"Mjomba, mimi sijawahi kuingia."

"Ndiyo maana."

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, uso umemvimba, kisha akamwambia barua yake ya kuachishwa kazi ataipata saa sita mchana. Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma ya Winchi, akasema basi mpaka saa sita huyu ni wangu. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubishana naye. Akapima hewa mara tatu, akakaza mkanda wa Winchi kwa mikono yake, akaijaribu redio, akamwonyesha ngazi. Hakuwa na hasira usoni. Hakuwa na chochote usoni.

Winchi alishuka vidato kumi na vinne vya ngazi. Kule chini palinuka mafuta yaliyochacha, na kila hatua yake ilijibiwa na kuta pande zote kana kwamba wako wengi. Taa ya kofia ilimwonyesha duara dogo la bati lenye utando, na nje ya duara hilo hapakuwa na kitu. Alipoinua macho, mdomo wa tangi ulikuwa mdogo kama sahani.

"Hewa ishirini nukta tisa. Nipo," ilisema redio.

"Nimesikia."

Akapiga magoti, akaanza kusugua. Dakika mbili, sauti ikarudi, akajibu. Mbili nyingine, vilevile. Akaanza kuizoea, akaanza hata kuihesabia. Kisha dakika mbili zikapita bila sauti. Zikawa tatu. Redio ikatoa mkwaruzo, akaacha kusugua apate kusikia namba, na badala ya namba ikaja pumzi. Pumzi tupu, nzito, ya mtu aliyeweka mdomo karibu kabisa na sikio lake.

"Mjomba?"

Pumzi iliendelea. Akaita tena. Akatazama juu, kwenye ile sahani ya mwanga hapakuwa na kichwa cha mtu. Akaivuta kamba, ikaja legelege. Alijua hewa ni nzuri, ilipimwa mara tatu mbele ya macho yake, alijua, na bado kifua kilikataa kuivuta. Aliita mpaka sauti ikamkatika na kuta zikamrudishia jina lile kutoka gizani, na sikioni mtu akaendelea kuhema, bila haraka, wala hakumjibu. Akaketi kwenye mafuta, akalia kwa hofu kama mtoto, na akaelewa kitu ambacho miezi minane alikuwa anakijua tu.

Redio ikakwaruza.

"Hiyo ndiyo niliyoisikia mimi," alisema Mjomba. Sauti yake ilikuwa imelowa. Akakohoa, akaendelea kwa sauti ya kazini. "Hewa ishirini nukta tisa. Nipo."

Winchi alikipapasa kitufe. Kidole gumba kilikuwa kinateleza kwa mafuta, na meno yalikuwa yanagongana. Akabonyeza. Ulimi uliganda, aliusikia umeganda, mzito, kama siku zote. Mzee alisubiri, hakumsaidia.

"Nimesikia," akasema, na akaachia kitufe.