Chapati ya Moto Katika Kitambaa cha Nta

Harufu ya nta ikiyeyuka chini ya pasi ya makaa haijanitoka puani hadi leo. Ina utamu wa asali na moshi kidogo, na kila nikiisikia, wivu wangu wa zamani huamka. Tulikaa Kimaka, Jinja. Baba alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini na mama Mgisu wa Mbale, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, kile cha kambi za jeshi, ambacho majirani walikicheka huku wakikiogopa. Mama alikuwa fundi cherehani. Vipande vya kitenge vilivyobaki alivipaka nta, viwe vya kufungia chakula, kwa sababu mifuko ya plastiki aliichukia kwa roho yake yote. Kila mvua iliponyesha, ndiyo iliyoziba mtaro wa mlangoni kwetu.

Kazi hiyo niliipenda. Unachagua kitambaa cha pamba tupu, unakwangulia nta juu yake, unaweka karatasi chini na juu, kisha unapitisha pasi polepole mpaka nta ienee. Ukiharakisha, kinatoka na mabaka. Vyangu vyote vilikuwa na mabaka, lakini nilikuwa binti pekee, na baba alipokwenda kazini mbali, chapati zake nilizifunga mimi. Nilikibana kitambaa kwa joto la viganja mpaka kikashika, naye akanipigia saluti mlangoni. Saluti ile ilikuwa yangu, na sikutaka kugawana na mtu.

Likizo moja akaja Nambozo, binti wa mama mdogo, kutoka Malukhu kule Mbale, na bonge la nta mkononi. Alinizidi mwaka mmoja tu, ila mikono yake ilinizidi mbali. Kitambaa chake cha kwanza, chenye maua ya buluu, kilitoka laini kila pembe. Mama akakiinua dirishani, akaniita nije nione. Nikaja, nikaona, nikatamani kiungue. Siku ya tatu mama akasema, kama anayetaja bei ya vitunguu, kwamba kesho chapati za mzee atafunga Nambozo. Chakula changu kilinishinda.

Asubuhi Nambozo aliziacha chapati zipoe kwanza, kama mama alivyotufundisha, akazifunga, akaenda kuteka maji. Mama alikuwa chumbani akipiga pasi magwanda. Nilijua vizuri kwamba nta na moto havipatani. Nikafungua kitambaa, nikatoa zilizopoa, nikaweka zile za mwisho zilizokuwa bado kwenye kikaango, nikakaza.

Gari la kazi likachelewa, baba akaona afungue anywe nazo chai. Chapati zilikuwa zimegandamana na kitenge, zinang'aa nta.

"Nani amefunga hii?"

Nambozo, ndoo bado mkononi, akatazama kitambaa, kisha vidole vyangu, ambavyo navyo vilikuwa vinang'aa.

"Ni mimi, baba mkubwa. Nilisahau kungoja ipoe."

Baba akabandua nta kwa kucha, akala, akasema jeshini amekula mbaya kuliko hiyo. Gari lilipofika akasimama mlangoni, akampigia saluti Nambozo. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Nambozo dakika ile, kwa wema wake. Mama alinipa kitambaa kilichoharibika, akasema, "Weka nta ingine. Usiharakishe." Kilitoka bila baka hata moja, cha kwanza katika maisha yangu, na kilikuwa cha Nambozo.

Baba ametutoka. Mama yuko Malukhu, anaishi na Nambozo, macho yake yamefifia. Jikoni kwangu Jinja nina makopo ya plastiki yenye vifuniko, ambayo mama angeyatupa yote mtaroni. Mwezi uliopita nilinunua nta, nikakaa mchana mzima na pasi ya umeme isiyo na harufu ya moshi, nikamtengenezea kitambaa kimoja. Nilimpelekea mwenyewe. Alikipapasa pembe zote nne, akakinusa, akatabasamu.

"Nambozo," akasema, "hii umefanya vizuri kabisa."

Nambozo akaweka kikombe chini, akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Ndiyo, mama. Ni ya Nambozo."

Iliniuma, na bado inaniuma.